Dawa Moja, Famasi Nne: Maswali Tunayoulizwa Kaunta Kuhusu Dawa Adimu Dar es Salaam

Ukurasa huu ni wa mgonjwa, au ndugu anayemhangaikia mgonjwa, ambaye cheti chake cha dawa hakimalizwi na duka moja. Mimi ni mfamasia wa rejareja, na haya ndiyo ninayoulizwa kaunta na kwenye simu karibu kila siku. Nimejibu kwa jinsi kazi inavyokwenda hapa mjini. Suala la kuongeza, kupunguza au kubadili dozi ni la daktari wako, hilo sitaligusa.

Dawa gani hasa mnaziita adimu?

Ni zile zinazoandikwa zaidi na madaktari bingwa, zinazotumiwa na watu wachache, na ambazo ama ni ghali ama zina masharti ya utunzaji. Waliopandikizwa figo wanazijua: tacrolimus na mycophenolate. Wenye selimundu wanatafuta hydroxyurea. Wenye saratani ya damu aina ya CML wanatafuta imatinib. Wanaosafishwa damu kwa mashine huchomwa erythropoietin. Waliowekewa valvu ya chuma kwenye moyo wanaishi na warfarin, ambayo wala si ghali, lakini ulizia warfarin ya miligramu 1 siku ya Jumamosi jioni uone utakavyozungushwa.

Duka la mtaani haliweki dawa hizi kwa sababu ya hesabu tu. Boksi la tacrolimus linaweza kukaa rafuni miezi likimsubiri mteja mmoja, na likiisha muda hasara ni ya mwenye duka. Maduka ya dawa muhimu, yale ya DLDM, hayaruhusiwi kabisa kuuza dawa za aina hii. Usipoteze muda kuyapitia.

Mbona nimeandikiwa dawa tano hospitali, dirishani nimepewa mbili?

Hospitali za umma hupata sehemu kubwa ya dawa zake kutoka Bohari ya Dawa, MSD, pale Keko. Dawa zinazoletwa hufuata orodha ya taifa ya dawa muhimu na maombi ambayo hospitali yenyewe imepeleka. Kama matumizi ya miezi iliyopita yalikuwa ya wagonjwa ishirini na sasa mko arobaini, dawa itaisha kabla mzigo mwingine haujafika. Nyingine haimo kabisa kwenye orodha, na daktari ameiandika kwa sababu ndiyo inayokufaa. Hospitali kubwa hujinunulia zenyewe pia pale MSD inapokosa, lakini manunuzi ya serikali yana taratibu zake na hayaendi kwa kasi ya maumivu ya mtu.

Unapoambiwa "imeisha", uliza swali la pili, ambalo wengi hawaulizi: imeisha na inategemewa lini, au hapa haiwekwi kabisa? Majibu hayo mawili yana safari tofauti. La kwanza unaweza kununua ya wiki moja tu nje ukarudi. La pili, jipange kununua nje kila mwezi.

Nianzie wapi kutafuta?

Anza na simu kabla ya mguu. Hili nalisema kila siku, na bado kila siku naona mtu ameshuka mwendokasi Gerezani, ameizunguka Kariakoo, amepanda tena hadi Posta, kisha Upanga, jua la saa nane likimchoma utosini, wakati jibu lilikuwa la dakika mbili.

Kuna utaratibu unaosaidia. Kwanza ulizia famasi zote zilizomo ndani ya hospitali uliyotibiwa, maana hospitali kubwa inaweza kuwa na zaidi ya moja na stoo zake hazifanani. Pili, maduka yaliyo jirani na hospitali ile. Wenye maduka hufuata kalamu za madaktari: jirani na Muhimbili utapata dawa za figo na moyo ambazo Tegeta hazijawahi kufika. Tatu, maduka makubwa ya katikati ya jiji, na famasi za hospitali binafsi, ambazo nyingi humuuzia hata mgonjwa wa nje akiwa na cheti. Kariakoo ina maduka mengi ya jumla, lakini duka la jumla limesajiliwa kuuzia maduka mengine. Lisipokuhudumia moja kwa moja si jeuri, ndiyo leseni yake.

Unapopiga simu usiseme "nataka dawa ya figo". Taja jina la kitabibu lililo kwenye cheti, nguvu yake, umbo lake na idadi: "Tacrolimus ya miligramu 1, kapsuli, sitini." Kama mwandiko wa daktari haueleweki, tuma picha ya cheti pamoja na picha ya boksi la mwezi uliopita. Ile ya boksi hutusaidia kuliko cheti. Nasema hivyo kwa heshima zote kwa madaktari.

Wakisema "kesho inakuja", ni kweli?

Inategemea. Wakati mwingine duka limeshaagiza kwa msambazaji na mzigo kweli unakuja kesho. Wakati mwingine maana yake ni "sina, lakini sitaki uende kwa jirani". Namna ya kupima ni kuuliza: "Mmeshalipia mzigo? Nikiacha nusu ya hela mtaniandikia risiti?" Aliyeagiza kweli atakuandikia. Asiye na uhakika ataanza kuzungumzia foleni ya bandarini.

Msambazaji naye anaweza kuwa hana. Dawa nyingi za kundi hili zinatoka nje ya nchi, India kwa wingi, na dawa moja inaweza kuwa na mwagizaji mmoja au wawili tu wenye usajili wake Tanzania. Mwagizaji huyo akichelewa, famasi zote za mji zinaishiwa wiki moja. Ukiona maduka matano mfululizo hayana, acha kuzunguka. Mwombe mfamasia yeyote ampigie msambazaji akuulizie mzigo unaingia lini, na wewe mpigie daktari wako siku hiyohiyo.

Mbona kila duka lina bei yake?

Bei za dawa kwenye maduka binafsi zinaamuliwa na soko. Duka lililonunua mzigo kabla dola haijapanda litauza chini kuliko lililonunua juzi. Kisha kuna suala la mtengenezaji: imatinib ya kampuni iliyoigundua na imatinib ya kiwanda cha India ni dawa ileile kwa bei zilizoachana mbali, na zote mbili zikiwa na usajili ni halali.

Kwa hiyo unapolinganisha bei linganisha kitu kimoja. Uliza mtengenezaji ni nani, boksi lina vidonge vingapi, na muda wake unaisha lini. Nimeona mtu amekimbilia bei nafuu Kariakoo akakuta boksi ni la vidonge 30 wakati la duka la kwanza lilikuwa la 60. Na bei ikiwa chini sana kuliko ya wengine wote, hiyo usiifurahie. Soma swali la dawa bandia hapo chini.

Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata kama humdai mtu chochote. Siku ukiwa na malalamiko, ndiyo ushahidi kwamba dawa ilitoka pale.

Mwezi huu nimepewa boksi la rangi nyingine, jina jingine. Nimeze?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mgonjwa wa famasi nyingi anapoumia.

Kila dawa ina jina la kitabibu na jina la biashara. La kitabibu halibadiliki, la biashara ni la kiwanda. Kwa dawa nyingi, kubadili kiwanda hakuna shida. Wa presha anaweza kutoka amlodipine ya kiwanda hiki kwenda ya kile asihisi tofauti yoyote.

Lakini zipo dawa ambazo nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Tacrolimus na ciclosporin za waliopandikizwa, warfarin, levothyroxine, na baadhi ya dawa za kifafa kama phenytoin na carbamazepine. Hizi tulia na kiwanda kimoja kadiri unavyoweza, na ukilazimika kubadili, mwambie daktari ili akupime. Kwa warfarin ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa tacrolimus hupimwa kiwango cha dawa chenyewe kwenye damu.

Tacrolimus ina mtego mwingine. Ipo ya kumezwa mara mbili kwa siku, mfano Prograf, na ipo inayoachia dawa polepole, ya mara moja kwa siku, mfano Advagraf. Zote zimeandikwa tacrolimus, zote zina miligramu zilezile kwenye boksi. Hazibadilishani. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa moja badala ya nyingine bila nia mbaya, na wewe ukaendelea kumeza kwa mazoea yako. Kwa aliyepandikizwa, figo ndiyo inayolipa.

Wengi waliopandikizwa India kabla Muhimbili haijaanza kupandikiza figo Novemba 2017 walirudi na majina ya kihindi ya kibiashara vichwani, na mpaka leo wanaulizia kwa majina hayo. Duka likisema "hatuna hiyo", mara nyingi lina dawa yenyewe kwa jina jingine. Jifunze jina la kitabibu la dawa yako kama unavyolijua jina la mwanao.

Na warfarin: usiitambue kwa rangi. Ipo ya miligramu 1, 3 na 5, na rangi zinatofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Soma namba.

Nikinunua nusu duka hili na nusu duka lile, kuna ubaya?

Kununua si kubaya, mara nyingi huna njia nyingine. Ubaya ni kwamba hakuna duka hata moja linaloona dawa zako zote. Mifumo ya famasi zetu haisomani. Mimi naona nilichokuuzia mimi. Wa Mikocheni anaona chake. Daktari anaona alichoandika, na hajui kama ulikipata.

Mama mmoja alikuja akilalamika miguu imevimba na kichwa chepesi. Nikamwomba alete kila anachomeza. Kesho yake akaja na kikapu cha ukili, akakimimina juu ya kaunta: maboksi, karatasi za vidonge zilizokatwa kwa mkasi, bahasha za kaki zilizoandikwa "1x2", yaani kimoja mara mbili kwa siku, bila jina. Tukavipanga. Amlodipine ilikuwemo mara tatu. Moja peke yake, moja kwa jina jingine la biashara kutoka duka la pili, na ya tatu ndani ya kidonge cha mchanganyiko alichoandikiwa kliniki nyingine. Kila muuzaji alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Nilimpigia daktari wake tukiwa palepale kaunta.

Fanya hivi basi. Chagua famasi moja iwe ya nyumbani, hata kama si yenye bei ndogo kuliko zote. Ukinunua kwingine, pita uwaonyeshe au watumie picha. Kila duka linalokupa sehemu ya dawa liandike kwenye cheti, kwa kalamu, limetoa ipi, ngapi, tarehe gani, na cheti urudishiwe kama dawa hazijakamilika. Usikubali dawa ya bahasha isiyo na jina. Kama karatasi ya vidonge inakatwa, upande wenye jina na tarehe ya kuisha muda upige picha kabla haujaachwa dukani.

Na uwe na daftari. La kawaida, la shuleni. Andika tarehe, duka, jina la kitabibu, jina la biashara, nguvu, namba ya toleo, muda wa kuisha, idadi na bei. Unaloandika leo ukiona ni usumbufu ndilo ambalo daktari wa zamu atalitaka usiku unapopelekwa mapokezi ya dharura hujitambui.

Natumia dawa ya bingwa. Naweza kununua za mafua au tumbo popote?

Nunua, lakini taja dawa yako ya bingwa kabla muuzaji hajageukia rafu. Metronidazole, ambayo mtaani kila mtu anaijua kwa jina la Flagyl na wengine huimeza tumbo likinguruma tu, humpandishia mtumiaji wa warfarin hatari ya kutoka damu. Clarithromycin na fluconazole hupandisha kiwango cha tacrolimus mwilini. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha tacrolimus na warfarin kwa nguvu. Diclofenac na ndugu zake wa kutuliza maumivu si rafiki wa figo, wala si rafiki wa warfarin.

Tunda la balungi nalo linaingia kwenye orodha hiyo kwa wenye tacrolimus. Dawa za mitishamba sitaki kuzitukana, watu wana imani zao. Lakini nikiulizwa kama mchanganyiko wa chupa usiojulikana kilichomo unafaa kwa figo iliyopandikizwa, jibu langu ni hapana, na silibadilishi hata ukiniambia aliyeuza ni mzee wa heshima.

Na methotrexate, kwa wenye baridi yabisi: mara moja kwa WIKI. Muuzaji akikuandikia "1x1" kwa mazoea, mrudishie bahasha aandike upya, na ataje siku yenyewe. Ikimezwa kila siku inaua.

Dawa ya friji nitaifikishaje Mbagala au Chanika?

Insulini ambayo haijafunguliwa, erythropoietin na sindano nyingi za saratani hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto la Dar la Januari na Februari unalijua. Njoo na kuli boksi ndogo au chupa pana ya chai yenye mdomo mkubwa, na vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye kitambaa. Dawa isigusane na barafu. Insulini iliyoganda imeharibika, na kuiyeyusha hakuirudishi, hata kama kwa macho inaonekana safi.

Nunua dawa ya friji mwisho, baada ya mizunguko yako yote ya mjini. Usinunue saa tatu asubuhi kisha ukaingia benki. Na kabla hujalipa, angalia inatolewa wapi. Ikitolewa kwenye droo au rafu ya nyuma, mshukuru muuzaji uende zako. Friji ya dawa huwa na kipimajoto na daftari la kuandika nyuzi joto asubuhi na jioni. Una haki ya kuomba kuliona. Ukikuta soda na chakula cha mchana mle ndani, umeshajibiwa.

Chupa ya insulini unayoendelea kuitumia inaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne kama mahali ni pa ubaridi, isizidi nyuzi 25 hadi 30 kulingana na maelezo ya boksi. Asiye na friji anaweza kutumia chungu cha udongo ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati. Ni njia iliyopimwa na inashusha joto kweli. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo, na usihamishie dawa kwenye sehemu ya kugandishia eti ipate baridi zaidi.

Naweza kumtuma bodaboda? Na ndugu wa mkoani?

Vidonge na kapsuli, ndiyo, kwa bodaboda unayemjua au wa duka lenyewe, vikiwa vimefungwa na risiti ndani. Fungua ukiwa naye, linganisha na cheti, ndipo ulipe kwa simu. Vya friji, kwa safari fupi tu na kwenye kuli boksi. Kumtumia insulini ndugu wa Sumbawanga kwa basi la kutoka Mbezi Luis, ikae kwenye buti siku nzima, ni kumtumia maji. Afadhali tusaidiane kumtafutia famasi ya huko.

Nina bima ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mbona naambiwa nilipe?

Sababu zinaweza kuwa nne, na inabidi ujue yako ni ipi. Dawa haimo kwenye kitita chako. Au imo lakini inahitaji kibali, na kibali hakijaombwa. Au imo, ila imeandikwa na daktari wa ngazi isiyoruhusiwa kuiandika. Au duka ulilokwenda halina mkataba na Mfuko.

Kibali kinaombwa na hospitali, wewe kazi yako ni kufuatilia. Usitoke hospitali kabla hujajua kama kimeombwa. Dawa ikikosekana kituoni, unapaswa kuandaliwa utaratibu wa kuichukulia nje kwenye famasi yenye mkataba. Ipo fomu ambayo kaunta zote zinaijua kwa jina la 2C, na siku hizi mengi hupitia kwenye mfumo. Ukija kwangu na cheti kitupu na kadi, siwezi kukuhudumia kwa bima hata kama nakufahamu. Na ukiamua kulipa mfukoni kwa kuwa umechoka kusubiri, usijihesabie kwamba utarudishiwa. Uliza kwanza.

Wasio na bima na wasio na uwezo, muulizieni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi yake ipo kila hospitali kubwa ya umma na wagonjwa wengi hawajui hata mlango wake. Nenda ukiwa na cheti na maelezo ya daktari, asubuhi.

Nitajuaje dawa si bandia?

Macho peke yake hayatoshi, lakini husaidia. Angalia kama boksi limefunguliwa na kugundishwa tena, kama namba ya toleo na tarehe za boksi zinafanana na zilizo kwenye karatasi ya vidonge au chupa, kama maandishi yamekwanguliwa, kama karatasi ya maelezo imo. Linganisha na boksi lako la zamani. Jina la dawa na mtengenezaji unaweza kuliangalia kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa iliyoko kwenye tovuti ya TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA kabla ya 2019.

Kinga kubwa ni mahali. Duka liwe na kibali cha Baraza la Famasi ukutani na mfamasia unayeweza kuzungumza naye. Anayeuza sindano za saratani kwa picha za WhatsApp na kukuomba mkutane kituo cha daladala, mwache, hata akiapa. Ukishuku dawa, usiitupe. Ifungie kama ilivyo, pamoja na risiti, upeleke taarifa TMDA. Na dawa ikikudhuru vilevile toa taarifa huko, au mwambie mfamasia akujazie.

Shemeji anakuja kutoka India, aniletee?

Wengi wanafanya, na kwa baadhi ya dawa ndiyo nusura yenyewe. Ziwe za matumizi yako tu, kwenye maboksi yake, pamoja na cheti chenye jina lako na risiti, na uliza TMDA kuhusu kibali kabla hazijapanda ndege. Za friji ni mtihani mwingine. Tatizo ninaloliona zaidi ni la baadaye: mzigo wa miezi sita unaisha, na jina lile halipo Tanzania. Mweleze daktari mapema unachomeza.

Kwenye kundi letu la wagonjwa tunaazimana dawa. Ni vibaya?

Kwa kitabu, dawa ya mtu ni ya mtu. Kwa maisha halisi, najua mama ambaye mtoto wake wa selimundu asingefika mwisho wa mwezi bila kapsuli kumi za mwenzake. Kama mmefika huko, iwe dawa ileile, nguvu ileile, ndani ya karatasi yake yenye jina na tarehe, na mfamasia aione. Hydroxyurea msiishike kwa mikono mitupu wala kufungua kapsuli jikoni, na mjamzito asiiguse kabisa. Sindano za friji msiazimane. Hujui friji ya mwenzako ililalaje.

Nimezunguka mji mzima, zimebaki za siku tatu. Nifanyeje?

Usianze kumeza siku moja na kuruka moja ili zidumu. Watu wengi hufanya hivi kimyakimya na daktari anakuja kujua mambo yakiwa yameharibika. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, insulini, dawa za kifafa, warfarin na prednisolone ya muda mrefu ni hatari kukatisha ghafla.

Piga simu kliniki yako, sema wazi: "Zimebaki za siku tatu, maduka fulani na fulani hayana." Daktari anaweza kuwa na mbadala, au kuandika nguvu nyingine, mfano vidonge viwili vya nusu miligramu badala ya kimoja cha miligramu 1. Hilo aliamue yeye na liandikwe kwenye cheti, muuzaji asikufanyie hesabu kichwani. Kliniki kubwa wakati mwingine huwa na akiba kidogo ya dharura isiyotangazwa dirishani. Kama simu haipokelewi, nenda mwenyewe. Hii ni dharura halali.

Kwa mwezi ujao, anza kutafuta zikiwa zimebaki za wiki mbili. Desemba anza mapema zaidi, maana wasambazaji hufunga hesabu na mji unahamia mikoani.

Mofini ya mgonjwa wetu wa saratani, mbona famasi hamuuzi?

Mofini iko chini ya udhibiti mkali wa sheria na haiuzwi kama dawa nyingine. Ile ya maji, ya kunywa, hupatikana kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali zenye huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Omba rufaa ya huduma hiyo mapema, maumivu yasisubiri mpaka mgonjwa ashindwe kulala.

ARV na dawa za TB?

Hazinunuliwi. Ni bure kwenye vituo vya umma na vituo vingine vyenye huduma hizo. Anayekuuzia, mtilie shaka.

Daktari amenibadilishia dawa, maboksi mawili hayajafunguliwa. Mnapokea nikiyarudisha?

Hapana, na usituchukie. Dawa ikishatoka mlangoni siwezi kujua ilikaa juu ya meza au kwenye dashibodi ya gari, na siwezi kumuuzia mtu mwingine kwa dhamana yangu. Ndiyo maana kwa dawa mpya na ghali nakushauri ununue ya wiki mbili kwanza, ukapime, urudi kliniki, ndipo ununue ya mwezi. Nikisema hivyo wengine hudhani nawafukuza dukani. Ulizia tu kama duka linaweza kufungua boksi. Likikataa kwa sababu ni chupa iliyofungwa, lina haki. Ikiwa ni karatasi za vidonge, kwa kawaida mtaelewana.